Mafunzo ya dharura mtaani kwako hapa Mombasa: namna ya kuyaandaa mpaka yafanye kazi

Nyumba ikishika moto Majengo saa nne asubuhi, wa kwanza kufika ni yule mama anayeuza mbaazi pale kona na vijana wa bodaboda walioko stejini. Gari la faya litakuja lakini linatoka mbali, linapita kwenye foleni, na likifika uchochoro wenyewe haliingii. Kwa hiyo zile dakika kumi kumi na tano za mwanzo ni za majirani watake wasitake, swali ni kama wanajua la kufanya ama watasimama na simu kurekodi. Hapa naeleza jinsi ya kuandaa mafunzo ya dharura mtaani, iwe uko Kisauni, Likoni, Jomvu ama Mji wa Kale, mafunzo ya raia wa kawaida pamoja na wale ambao kufika ndo kazi yao, manake hawa wawili wakikutana mara ya kwanza siku ya janga utaona wanasukumana na kubishana huku mgonjwa yuko chini.

Na msimamo wangu niuseme mapema. Mafunzo ya siku moja hotelini, na projekta na soda na posho, hayausaidii mtaa. Yanayosaidia ni mafunzo madogo, palepale mtaani, yanayorudiwa, na yanayoishia kwenye zoezi ambalo watu wamembeba mtu kweli na kutoka jasho kwenye uchochoro wao wenyewe.

Tembeeni mtaa kabla hamjaita mwalimu

Chukua watu watano ama sita, changanya wazee na vijana na kina mama, mzunguke mtaa wote kwa miguu. Nendeni asubuhi, alafu mrudi usiku stima ikiwa imepotea, na mara ya tatu nendeni mvua ikinyesha wakati wa bamvua. Hii ya tatu wengi wanairuka na ndo muhimu zaidi kwetu sisi watu wa kisiwani na wa kandokando ya bahari. Mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu maji yanajaa sana, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, na mara nyingi yanajaa alasiri na alfajiri. Sasa mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, maji ya mitaro hayana pa kutokea, yanarudi nyuma majumbani. Mvua ileile ikinyesha maji yamekupwa huenda usione kitu. Kwa hiyo kuangalia utabiri wa mvua peke yake haitoshi, angalia na mwezi, na kama hujui muulize mvuvi yeyote atakwambia bila hata kufungua simu.

Mkitembea beba karatasi kubwa ya manila na kalamu za rangi, mchore. Wekeni njia ambazo pikipiki inapita na zile ambazo hata mkokoteni haupiti, wekeni visima, matangi, mashimo ya choo, matimbo kama mko upande wa machimbo, waya za stima zinazoning'inia, duka linalouza mitungi ya gesi, mahali petroli inauzwa kwa chupa. Mashimo ya choo yawekeni kwa rangi nyekundu, manake mtaa ukifurika shimo halionekani, mtu anatembea kwenye maji ya magoti alafu ghafla hayupo. Wekeni pia nyumba zenye watu ambao hawawezi kukimbia: bibi aliye ghorofa ya pili Mji wa Kale na zile ngazi za mbao zilizosimama wima, mtoto asiyesikia, mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mama aliyejifungua juzi. Ombeni ruhusa kwa wenyewe kwanza, na hiyo orodha isirushwe kwenye grupu la WhatsApp. Ikae na watu wawili wanaoaminika, basi. Ugonjwa wa mtu ni siri yake hata kama nia yenu ni njema.

Mkimaliza mtakuwa na ramani ambayo hata ofisi ya kaunti haina, na mwalimu akija mnamwambia haya ndo mambo yetu tufundishe haya. Mtaa wa Miritini kando ya barabara kuu ya malori ya mafuta hauhitaji somo moja na mtaa wa Mtongwe.

Nani afundishwe

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuchukua vijana wenye digrii ambao mchana wako kazini mjini. Fundisha wanaokuwepo. Saa tano asubuhi mtaani nani yupo? Mama mboga, fundi wa pikipiki, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa nasari, muuza maji wa mkokoteni, dereva wa tuktuk, shamba boi, wazee wa bao, vijana wa maskani. Hao ndo jeshi lako. Vijana wa maskani wengine wanawaogopa ama wanawadharau lakini mimi nawatetea kabisa, mafuriko yakija hao ndo wanaoingia majini kwanza na kubeba watoto wa watu, wape ujuzi na wape heshima yao.

Kwa kila kumi hakikisha angalau watano ni wanawake. Kwetu pwani hili halina mjadala, kuna mama ambaye hata akiwa anavuja damu hatokubali mwanamume asiyemjua amshike, na kuna mume ambaye atasimama mlangoni azuie. Ukiwa na Bi fulani wa mtaa amefundishwa, anaingia ndani anamhudumia, maneno yameisha.

Upande wa wale ambao dharura ndo kazi yao, waalike mapema chifu, mzee wa mtaa na kamati ya Nyumba Kumi, zimamoto wa kaunti, polisi wa kituo cha karibu, wahudumu wa afya wa jamii, na Msalaba Mwekundu ama St John ambao wana walimu wa huduma ya kwanza wenye vyeti. Kama mtaa una ufuo, waite na wavuvi na wenye boti, manake ajali ya baharini hao ndo wako karibu. Mkae nao kikao kimoja kabla ya mafunzo, mkubaliane jambo moja tu: siku ya tukio nani anaongoza mpaka wao wafike, na wakifika anakabidhi vipi. Hilo likibaki wazi litawatesa.

Muda na mahali

Msipange adhuhuri ya Ijumaa, wala Jumapili asubuhi, na Ramadhani acheni alasiri ya watu ya kupika futari, pangeni baada ya tarawehe ama ahirisheni. Saa kumi jioni wikendi inafaa wengi. Tumieni uwanja wa madrasa, ukumbi wa kanisa, baraza ya mtu, chini ya mwembe, popote ambapo hamlipi. Somo moja lisizidi saa mbili. Bora masomo manne ya saa mbili kwa mwezi mzima kuliko siku nzima moja watu wasinzie.

Na misimu muijue. Masika huku huanza mwezi wa nne na Mei ndo hunyesha haswa, vuli ni kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo mafunzo ya mafuriko yawe yameisha Machi, na yarudiwe Septemba. Waliopitia mvua za El Niño za 1997, ama wale wa juzi Novemba 2023, wanajua kwamba maji hayasubiri kikao.

Kuhusu posho najua nitakosana na wengine. Ukianza na kulipa watu kuhudhuria, siku hela ikikosa mtaa utabaki na watu watatu. Wapeni chai na mahamri, wapeni cheti, wapeni reflekta yenye jina la mtaa mgongoni, mambo ya nauli wachangiane kama chama. Anayekuja kwa sababu ya mtaa wake atakuwepo na mwakani.

Somo la kwanza: kupiga simu

Watu wanacheka ukiwaambia utawafundisha kupiga simu lakini hapa ndo dakika nyingi zinapotea. Nambari za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wana 1199 ya bure. Ziandikwe kwa rangi ukutani, dukani, kwenye mlango wa msikiti, sio kwenye simu tu manake simu huisha chaji. Ongezeeni na nambari ya moja kwa moja ya kituo chenu cha polisi na zimamoto, mziulize wenyewe na mzijaribu kabla ya kuziandika.

Alafu fundisha maneno. Mitaa yetu haina anwani, ukisema "tuko Mshomoroni njooni haraka" umesema nini? Mpatane sentensi moja ya mtaa wenu, kila mtu aijue kwa moyo hata mtoto wa darasa la nne: tuko mtaa fulani, ingia kwa barabara fulani, shuka steji fulani, mkabala na msikiti ama shule fulani, kuna mtu wa reflekta amesimama barabarani anawangoja. Baada ya hapo sema ni nini kimetokea, watu wangapi, wako katika hali gani, na kuna hatari gani bado ipo kama waya ama gesi. Usikate simu mpaka yule wa upande wa pili akwambie kata.

Na huyo mtu wa reflekta awepo kweli. Kwenye kila tukio mmoja wenu kazi yake ni kukimbilia barabara kuu, kuwangoja, na kuwaongoza. Mwengine kazi yake ni kusafisha njia, mikokoteni itoke, pikipiki zitoke, meza za samaki zitoke.

Mikono juu ya mgonjwa

Huduma ya kwanza ifundishwe na mwenye cheti, mimi natoa tu yale ambayo yasikose.

Damu. Bonyeza palepale inapotoka, kwa nguvu, na usinyanyue kila saa kuchungulia. Leso ni kifaa kizuri mno, ipo kila nyumba, ukiikunja ni pedi ya kubonyezea, ukiikunja upande ni bendeji pana, ukiikunja pembetatu ni kitanzi cha mkono uliovunjika. Kama ni mkono ama mguu na damu inamiminika na kubonyeza kumeshindwa, funga kipande kipana cha kitambaa kati ya kidonda na mwili, sio kwenye kidonda chenyewe wala kwenye kiungo, pitisha kijiti uzungushe mpaka damu isimame, alafu andika saa uliyofunga kwenye paji la uso la mgonjwa ama kwenye ngozi kwa kalamu. Usifungue, atafungua daktari. Mikono yako ivae glavu, hakuna glavu vaa mfuko wa plastiki.

Kupumua. Mtu amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu, kichwa kimeinama nyuma kidogo mdomo uangalie chini ili matapishi yasimkabe. Hapumui, anza kubonyeza kifua, katikati, mikono miwili, kina cha sentimita 5 mpaka 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bonyeza 30 pumzi 2. Aliyezama majini yeye muanze na pumzi 5 kwanza, manake shida yake ni hewa. Mkiwa wawili mpokezane kila dakika mbili, inachosha kuliko watu wanavyodhani, na hili utaliona kwenye mazoezi, kijana mwenye misuli dakika ya pili anahema. Kama hamna sanamu ya kufanyia zoezi, godoro la sponji lililoviringwa na kufungwa kamba linatosha kufundisha mwendo na mdundo, lakini jitahidini kila mtu apite kwenye sanamu halisi angalau mara moja.

Kuungua. Maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zitolewe mapema kabla ya kuvimba, alafu funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno hapana, yai hapana, unga hapana, mafuta ya nazi hapana. Najua mabibi zetu wamefanya hivo miaka na ukimkataza mbele za watu utamvunjia heshima, kwa hiyo somo hili mpe nesi mzee wa mtaa alisimamie, atasikizwa.

Moto

Waombeni zimamoto waje waoneshe kwa vitendo uwanjani. Sufuria ya mafuta ikishika moto unaifunika, kwa mfuniko ama gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, unazima jiko, na usiibebe kukimbia nayo nje. Maji ukiyamwaga kwenye mafuta yanayowaka moto unapaa mpaka darini, waacheni wao wenye mavazi wawaoneshe hili kwa umbali, mtu akiliona mara moja halisahau. Mtungi wa gesi ukivuja bila moto, usiguse swichi yoyote, wala ya kuwasha wala ya kuzima, funga valvu kama unaifikia, fungua milango na madirisha, toa watu. Kizima moto cha mkononi ni vuta pini, elekeza kwenye shina la moto, bana, pepea kushoto kulia, na mgongo wako uwe upande wa mlango daima. Kila mmoja ashike kifaa kwa mkono wake, kutazama mwenzako hakukufundishi uzito wake.

Nguo ikishika moto, na hapa nawafikiria kina mama na mabuibui jikoni: simama, lala chini, bingirika, mikono usoni. Wafundishe na watoto, wao wanapenda.

Na jambo la malori ya mafuta. Changamwe, Miritini, Jomvu, nyinyi mko kwenye njia. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan kule Rift Valley, watu wakaenda na mitungi kuchota, likalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Septemba 2011 ikatokea tena Sinai, Nairobi, petroli imevuja kwenye mtaro watu wakaiendea. Somo la hapa ni fupi na halina majadiliano: lori limepinduka, watu wanarudi nyuma upande ambao upepo unatokea, simu haitumiki karibu, pikipiki haziwashwi, jiko la chapati la jirani linazimwa. Kazi ya timu yenu siku hiyo ni kuunda ukuta wa watu mbali kabisa na kuwazuia wengine, na vijana wa bodaboda ndo wafundishwe hili kwanza manake ndo wa kwanza kufika na ndo wa kwanza kushawishika.

Maji

Mtongwe haijasahaulika. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka pale, watu 272 wakapoteza maisha, na kuna nyumba Likoni mpaka leo tarehe hiyo husomwa dua. Mwaka 2019 mwezi wa Septemba gari likateleza kutoka kwenye feri Likoni na mama na mwanawe, na ilichukua karibu wiki mbili kulitoa. Kwa hiyo mafunzo ya mtaa wa Likoni na Mtongwe yasiyogusa kivuko hayajakamilika. Ukiwa ndani ya gari kwenye feri, handibreki juu, mkanda umefunguliwa, vioo vimeshushwa. Ukiwa kwa miguu angalia makoti ya kuokolea yako wapi kabla feri haijaondoka, na watu wafundishwe kuyavaa, mtu mzima aweze kumvalisha mtoto.

Kuokoa anayezama kunaua waokoaji wengi. Mpangilio ni huu: mfikie kwa kitu kirefu kama upondo, ama mrushie kitu kinachoelea, ama nenda na chombo. Kuogelea umfuate ni kwa aliyefundishwa tu, manake anayezama atakukumbatia mzame wote. Mtungi wa lita 20 ulio mtupu, tia maji kidogo chini upate uzito wa kurusha, funga kifuniko kabisa, funga kamba ndefu kwenye kishikio cha mtungi, tayari mna boya. Utundikeni pale ufuoni ama kando ya kisima na mtu awe na kazi ya kuangalia kama bado upo. Fanyeni zoezi la kurusha, lengeni mita kumi, rusheni upite kichwa cha mtu alafu mvute mpaka umguse.

Mafuriko ya mtaani: maji yanayokwenda kwa kasi yakiwa sentimita 15 tu yanaweza kukuangusha, na sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo likaelea. Zima swichi kuu ya stima maji yakiwa hayajaingia, yakishaingia usikanyage ndani ukaenda kuitafuta. Tembea na fimbo ndefu ukipapasa mbele. Na hili la visima na mashimo lishikeni sana: mtu akianguka kwenye shimo la choo ama kisima cha zamani, asishuke mwengine kumfuata. Mle ndani kuna hewa ya sumu, anashuka wa pili anazimia, wa tatu anamfuata wa pili, na mnazika familia nzima. Kamba, boya, hewa ipepewe, zimamoto waitwe.

Maji yakishuka kipindupindu ndo hufuata. Maji ya kunywa yachemshwe ama yatiwe dawa ya klorini kama paketi inavyosema. Anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe vya kusawazishwa visiwe vya kufura, na apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho.

Tsunami nitaisema kwa ufupi. Ile ya Desemba 2004 ilitoka Indonesia ikafika mpaka Kenya. Mkiona bahari imekupwa ghafla sio wakati wake, hakuna kushuka kuokota samaki, ni kupanda juu, na mtaa wa ufuoni uwe umeshakubaliana juu ni wapi.

Wakiwa wengi kwa mara moja

Matatu imegongana na lori, watu ishirini chini. Kinachokuja rohoni ni kumkimbilia anayelia sana, lakini anayelia anapumua. Fundisheni kuchambua. Sauti moja kubwa inasema "anayeweza kutembea aje hapa," hao ni kijani, wanakaa pamoja na mtu mmoja wa kuwaangalia. Waliobaki mnapita mmoja mmoja haraka. Hapumui, fungua njia ya hewa, bado hapumui, unaendelea kwa mwengine, na hii ni ngumu sana kwa roho kwa hiyo izungumzwe kwenye mafunzo na isije ikamkuta mtu barabarani. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, ama damu inamwagika, ama hakuelewi ukimwambia nibane mkono, huyo ni nyekundu, anatangulia. Waliobaki ni njano. Tumieni vitambaa vya rangi mfunge mkononi ili gari la wagonjwa likifika hakuna kuulizana.

Tuktuk na bodaboda zibebe kijani peke yao. Mtu aliyeumia shingo ama mgongo kukunjwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki ndo kumpoozesha. Kama ambulensi haiji, tafuteni pikapu ama probox, alale bapa, mtu ashike kichwa chake kisitikisike. Machela mnatengeneza wenyewe: mapau mawili ya urefu wa mita mbili na ushee, magunia mawili mmetoboa pembe za chini, mnapitisha. Ipimeni kwenye kona ya uchochoro wenu kabla ya siku yenyewe. Kuna kona Mji wa Kale ambazo machela iliyolala haipiti kabisa, lazima mfunge mgonjwa kwa leso tatu, kifuani, nyongani na magotini, muiinamishe kichwa kikiwa juu, na mbebaji wa nyuma aitikie kila hatua ya wa mbele kwa sauti. Hilo haliwezekani kugunduliwa usiku na moshi.

Pia mjue hospitali ya kwenda. Wa kisiwani ni Makadara, yaani Coast General, wa Changamwe wana Port Reitz, wa Likoni mpange mapema feri ikiwa imesimama mtaenda wapi, kama ni Msambweni ama kuzunguka Dongo Kundu. Na kila mwanatimu ajue kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Ukiambiwa lipa kwanza, sema hilo kwa adabu na usiondoke.

Zoezi

Mwezi ukiisha fanyeni zoezi, na muwaarifu chifu, polisi, imamu, pasta na kituo cha afya siku kadhaa kabla, ili watu wasije wakadhani ni kweli wakaanza kuhama. Chagueni tukio moja kutoka kwenye ramani yenu. Watu wanane wajifanye wagonjwa, wapakwe rangi ya chakula, mmoja apewe kazi ya kupiga mayowe na mwengine awe jamaa wa familia mwenye hasira anayezuia kazi, manake huyo huwepo kila mara. Mbiu ipigwe kwa spika za msikiti ama kwa filimbi, mpatane filimbi ipi ni "njooni" na ipi ni "ondokeni hapa hapafai". Mtu wa saa aandike: mbiu imelia saa ngapi, wa kwanza kafika saa ngapi, simu ya kwanza, damu ya kwanza kuzibwa, mgonjwa wa kwanza kufika barabarani.

Mwenye kuongoza asiguse mgonjwa. Anasimama, anaangalia, anagawa kazi kwa jina, "Mwanaisha shika kichwa, Kombo barabarani," sio "mtu fulani apige simu" ambapo kila mtu anadhani ni mwengine. Simu za kupiga picha ziwekwe mfukoni, hata kwenye zoezi, ili iwe mazoea.

Baadae kaeni barazani palepale mkiwa bado mna jasho, muulizane nini kilichelewa. Bila kulaumiana majina. Mara nyingi mtakuta tatizo ni kitu kidogo kama funguo ya geti iko na mtu aliyesafiri, au boksi la vifaa liko ndani ya chumba kilichofungwa. Rekebisheni wiki hiyohiyo, rudieni baada ya miezi miwili mitatu, na safari ya pili fanyeni usiku.

Boksi la vifaa

Halihitaji pesa nyingi. Glavu, leso kuukuu zilizofuliwa na kupigwa pasi, bendeji, mkasi, tochi mbili na betri za akiba, filimbi, reflekta, kamba ya mita ishirini, kalamu ya wino mzito, vitambaa vya rangi tatu, paketi za maji ya chumvi, dawa ya maji, redio ndogo ya betri. Machela na boya vikae kando yake. Liwe mahali ambapo mtu yupo usiku na mchana, kwa mlinzi ama duka linalochelewa kufunga, na funguo ziwe mbili kwa watu wawili tofauti. Kila mwanzo wa mwezi mtu mmoja alifungue ahesabu na asaini daftari.

Na baada ya tukio la kweli msiwaache vijana wenu hivihivi. Aliyembeba mtoto aliyekufa analala vipi usiku? Wakutanisheni siku ya pili ama ya tatu, wazungumze, awepo mshauri ama mzee wa dini anayejua kusikiliza, na yule aliyenyamaza kabisa afuatwe nyumbani kwake. Akitaka kupumzika kwenye timu miezi michache apumzike, jina lake libaki kwenye orodha na reflekta yake isipewe mtu mwengine.